Nyati Alivyomnunua Twiga

Paukwa!

Pakawa!

Masikio mmekuja nayo?

Tumekuja nayo, mawili mawili!

Na mioyo?

Tumeiacha nyumbani!

Basi mmefanya vizuri, maana hadithi hii inauma.

Hapo kale palikuwa na timu mbili za mpira wa kikapu, Ng'ambo na Bondeni. Kila kiangazi zilicheza, na hazikucheza kwa ajili ya kombe. Bwawa lenye maji lilikuwa moja tu. Walioshinda walikunywa asubuhi, maji yakiwa safi. Walioshindwa walikunywa jioni, yakiwa tope.

Mkubwa wa Ng'ambo alikuwa Nyati. Ana nguvu, ana pembe, ana tamaa. Timu yake haikuwa mbaya. Ngedere aligawa mpira, Paa alikimbia, Mama Pundamilia alikaba. Mwaka huu walishinda, mwaka ule walishindwa, na maisha yakaenda. Lakini Nyati alitaka maji ya asubuhi kila mwaka. Akamtamani Twiga, nyota wa Bondeni. Twiga haruki, hahangaiki. Anainamisha shingo tu, chwa! Mpira umo kikapuni.

Mkubwa wa Bondeni alikuwa Nguchiro, kiumbe kidogo, ukikohoa hapo alipo humwoni tena. Na Nguchiro alijua jambo moja. Goti la Twiga lilikuwa bovu. Kila alipoinuka lililia, kwachu! kwachu!

Siku Nyati alipokuja kumtazama Twiga, Nguchiro alimsimamisha kwenye majani marefu, yakamfunika magoti. Kisha akaweka wapiga ngoma kando yake, tindi! tindi! tindi!

"Mbona hatembei?" Nyati akauliza.

"Bwana mkubwa, nyota ya mbinguni umewahi kuiona ikitembea?"

Nyati akacheka, akaridhika. "Unataka nini?"

"Nipe Ngedere."

"Chukua!"

Nguchiro akajikuna kichwa, kwaru kwaru. "Haitoshi, Bwana mkubwa. Jana alikuja Kiboko, naye anamtaka."

"Kiboko? Basi chukua na Paa!"

Nguchiro akajikuna tena, kwaru kwaru. "Haitoshi, Bwana mkubwa. Kiboko atarudi kesho."

"Sina mwingine! Nikikupa na Pundamilia, nani atakaba?"

"Mwache Mama Pundamilia akae kwako," akasema Nguchiro kwa upole. "Nipe watoto tu. Watakaozaliwa Ng'ambo masika tatu zijazo, wakiacha kunyonya waje kwangu."

Mama Pundamilia alikuwa amesimama nyuma ya Nyati, tumbo lake kubwa. Akasogea mbele. "Bwana mkubwa, na huyu niliye naye?"

"Hajazaliwa huyo. Utamlilia vipi usiyemjua?"

"Namjua. Ananipiga teke kila siku."

Nyati akampa mgongo. Akamgeukia Nguchiro, akasema, "Chukua!"

Kiangazi kikafika, mchezo ukaanza. Du! du! du! Twiga akainamisha shingo, chwa! Akainamisha tena, chwa! Ng'ambo wakaimba, Nyati akarukaruka mpaka vumbi likapanda. Alisahau kwamba upande wake hakuna wa kugawa mpira, hakuna wa kukimbia. Twiga akaufuata mpira mwenyewe, akakimbia mwenyewe, akarudi kumsaidia Mama Pundamilia kukaba. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Kwachu!

Safari hii hapakuwa na ngoma. Wote walisikia. Twiga akaanguka kama mti, na hakuinuka mpaka mchezo ulipokwisha. Ng'ambo wakanywa tope.

Jioni Nyati akamwendea, akamsimamia kichwani. "Ulijua una goti bovu?"

"Nilijua."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza mimi, Bwana mkubwa. Ulimuuliza Nguchiro." Kisha Twiga akasema polepole, "Na mimi pia niliuzwa."

Nyati akamwacha hapo, akaenda zake.

Masika ikaja, watoto wakazaliwa. Walipoacha kunyonya, Nguchiro akaja kuwachukua. Hakupiga kelele, hakutisha mtu. Aliwahesabu, akashukuru, akaondoka nao. Mwana wa Pundamilia alikuwa wa mwisho katika mstari, akigeuka nyuma kila hatua. Mama yake alimtazama mpaka milia yake ikachanganyika na majani.

Masika ya pili vilevile. Masika ya tatu vilevile. Ng'ambo wakabaki wazee na mgonjwa mmoja mrefu. Tope likawa chakula chao na kinywaji chao.

Kiangazi cha nne, Bondeni walimwingiza uwanjani kijana mmoja mwenye milia. Alikimbia kama upepo. Du! du! Akampita Nyati, ambaye sasa alicheza mwenyewe, akamkuta Mama Pundamilia anakaba peke yake, akampita na yeye. Chwa!

Moyo wa Mama Pundamilia ukaruka kwa furaha. Akafungua mdomo ashangilie, kisha akaona wenzake wanamtazama, akaufunga. Mchezo ulipokwisha akamfuata yule kijana.

"Baba, umecheza vizuri."

"Ahsante, mama," kijana akasema, kwa adabu, kama anavyoambiwa mzee yeyote asiyejulikana. Akaenda kunywa maji safi na wenzake.

Ngano yangu naitua hapa. Anayeiweza aibebe, asiyeiweza airuke.

Na funzo mlitaka? Haya. Ukimwona nyota, usibishane bei. Toa ulio nao, toa na wa jirani, kisha toa na ambao hawajazaliwa. Hao ndio rahisi kuliko wote, kwa sababu hawana mdomo wa kukataa.