Masikio ya Mbeyu

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitikia kama wenye njaa. Haya, sogeeni mle.

Hapo zamani za kale, Mbeyu aliolewa kijiji cha ng'ambo ya mto, kwa watu wenye lugha nyingine. Huko wanawake watatu hutwanga katika kinu kimoja, kila mmoja na mchi wake. Ndu! Ndu! Ndu! Bibi Kidawa, mkongwe wa kijiji, huketi kando akiwaongoza: pokea, geuza, pumzika.

Mawifi zake waliyasikia maneno. Mbeyu alisikia ndu, ndu, ndu tu. Siku moja Bibi akasema pumzika, Mbeyu akatwanga. Mchi ukamponda wifi yake kidole.

Mama mkwe akawaka. "Huyu kiziwi. Kesho kutwa anarudi kwao."

Mbeyu hakuelewa maneno, ila alikiona kidole cha mkwewe kikionyesha mtoni, njia ya kwao. Akalia. Alimpenda mumewe, jamani.

Bibi Kidawa akamwashiria aimbe wimbo wa kwao, wenzake watwange. Akaimba. Ndu! Ndu! Ndu!

"Mmesikia nini?" Bibi akauliza.

"Kelele tu, Bibi. Mchi umemeza maneno."

"Na mimi nikisema?"

"Wewe tunakusikia."

"Hata maneno yangu mchi huyatoboa. Ninyi huyaziba matundu wenyewe, maana maneno mnayo tangu utotoni. Huyu atazibia nini? Niachieni mwezi mmoja."

Mama mkwe akanung'unika, akakubali.

Bibi akamshika Mbeyu mkono, akitaja, naye akirudia. Mtama, mtama. Ungo, ungo. Geuza, wakageuza. Pumzika, wakaketi, wakachekana. Kila siku, mpaka mwezi ukaandama.

Wakarudi kinuni. Ndu! Ndu! Ndu! Bibi akasema kwa sauti yake ileile, "Pumzika."

Mchi wa Mbeyu ukasimama hewani. Kelele zilezile, masikio yaleyale. Mama mkwe akacheka mpaka akaketi chini, akamwita mwanangu kwa mara ya kwanza.

Miaka ikapita. Bibi Kidawa akalala kitandani, meno yamekwisha, ulimi mzito. Wanawe wakasema, "Anabwabwaja tu."

Mbeyu akainama. Kila neno alilokuwa nalo lilitoka katika kinywa kile.

"Anaomba maji," akasema. "Na ubavu umechoka. Anasema geuza."

Wakamgeuza. Bibi akatabasamu kwa ufizi mtupu.

Basi, wenzangu, msimwite mtu kiziwi kama hamjampa maneno. Hadithi yangu nimeitua hapo, na mchi nimeuegemeza ukutani.