Kijiwe cha Pimbi kwenye Sinia la Wali

Hadithi hiyo! Itikieni: "Ilete, tuipime!" Haya, ipimeni. Asiyeniamini ainuke sasa hivi akalale, asije akaninunia katikati. Hakuna? Nilijua. Shule sikuimaliza, lakini ngano naimaliza.

Basi, Pimbi alihama kwao Majabalini akaenda kuishi Bondeni, nchi ya wenyewe. Aliwaaga ndugu zake kwa majigambo: "Mtakaponiona tena, tumbo litafika kwanza, mimi nyuma!" Akachukua kijiwe kimoja cheupe cha nyumbani, cha kumtuliza moyo, akashuka.

Bondeni wote hula kwa Mama Kanga, wawili wawili, sinia moja. Kwanza wali, kisha maboga ya nazi. Pimbi akakalishwa na Ngiri, jitu la meno nje. Ngiri akapiga magoti, akala. Mfyu! Mfyu! Mfyu! Akabakiza tonge moja, akalisukuma.

"Malizia, mdogo wangu. Tonge la mwisho ni heshima ya mgeni."

Pimbi akamalizia. Lo! Mama Kanga akagonga kifuniko: nge! nge! nge!

"Kamaliza! Kamaliza! Huyu sasa wa nyumbani!"

Na wa nyumbani, kwa desturi ya Bondeni, hapewi maboga. Hupewa masufuria ayasugue. Pimbi akasugua huku analia, akakwangua wali ulioganda chini, akautupa jalalani. Nje, Ngiri anakula maboga ya wawili. Mfyu! Mfyu!

Kesho yake Pimbi akasema, "Kaka Ngiri, leo malizia wewe."

"Unanibishia, kijana? Huku mgeni hambishii mwenyeji!" Na meno akamtolea.

Pimbi akamalizia. Nge! nge! nge! Kamaliza! Masufuria. Keshokutwa, vilevile. Nani amwambie? Desturi za watu hazibandikwi mlangoni.

Tumbo likaingia ndani, likagusana na mgongo. Pimbi akawaza: nitarudije Majabalini hivi? Watanicheka mpaka mawe yaporomoke. Bora nife hukuhuku.

Lakini kabla ya kufa akatazama masinia ya wenzake. Twiga na Pundamilia wamebakiza tonge. Kobe na Nungunungu wamebakiza tonge.

"Ahaa!" akasema Pimbi. "Kumbe hapa mstaarabu hamalizi."

Siku iliyofuata, Ngiri alipofumba macho kwa utamu, Pimbi akakitoa kile kijiwe, akakivingirisha kwenye wali, akakiweka pembeni mwa sinia. Cheupe, cha mviringo, tonge kabisa!

Ngiri akafumbua macho, akaona matonge mawili. "Moja langu, moja lako," akasema, akalimeza la karibu. Mfyu!

"Haya, mgeni, malizia heshima yako."

"Leo nimeshiba, kaka."

"Umeshiba nini, wewe ubavu mtupu?"

Mama Kanga akaja, akalidonoa lile tonge. Ko! Akadonoa tena. Ko! Ko!

"Hili jiwe! Nani kala tonge la mwisho?"

Ngiri, wali bado uko kwenye ndevu, akasema, "Mimi? Mimi mwenyeji!"

Nge! nge! nge! "Kamaliza! Kamaliza! Huyu sasa wa nyumbani!"

Bondeni nzima ikacheka. Ngiri akaburutwa jikoni, na Pimbi akala maboga ya nazi, yake na ya Ngiri, mpaka tumbo likatangulia.

Hadithi yangu imefika, mwenye njaa akapike. Na funzo lake ni hili, vijana: mkienda ugenini, muwaige wenyeji kwa kila jambo, msibebe hata kijiwe cha kwenu, na mmalize chakula chote sinia ling'ae.

Mbona mnaniangalia hivyo? Haya, kuna kipande nimekiruka. Ngiri alipoingia jikoni, akavuta sufuria. Kisha ikasikika: kwaru! kwaru! kwaru! Alikuwa ameukuta ukoko, umekauka vizuri, unang'aa mafuta. Ule ule aliokuwa akiutupa Pimbi, maana kwao hawali wali. Tangu hapo Ngiri hasubiri aambiwe. Anafuta sinia, anagonga kifuniko mwenyewe, anakimbilia jikoni. Ananenepa kuliko zamani.

Na Pimbi, msimu wa maboga ulipoisha, akauonja ukoko siku moja, ukamnogea. Maskini! Sasa kila siku anaulenga wali wa mwisho, ananyoosha mkono, na kila siku anakuta meno ya Ngiri yameshafika. Niliiruka hiyo kwa sababu nilitaka mdogo ashinde, basi.