Ukoko wa Boga la Shangazi Mwanamkasi

Sogeeni jikoni, wakubwa kwa wadogo, maana kesi hii imenishinda peke yangu. Asiyependa boga la nazi naye akae, ila asinisemeshe.

Katika vilima vya juu ya Muheza palikuwa na ndugu watatu wa tumbo moja, kila mmoja na kipaji chake. Mhina, mkubwa wao, alijaliwa sikio. Akiligonga boga kwa kidole alijua kama ni tamu au ni maji matupu, na watu walimcheka kwamba huenda shambani kupiga hodi. Mwajabu, wa katikati, alijaliwa mkono. Chicha ambayo wengine wameshawatupia kuku, yeye aliikamua ikatoa tui la kupikia. Machaku, kitinda mimba, alijaliwa moto. Hata wakati wa kipupwe, ukungu unapolala mpaka mchana na kuni zote zimelowa, alipuliza mara moja tu zikawaka. Moto ulimsikiliza kuliko mke wake.

Kipupwe ndio msimu wa maboga huko. Mahindi yameshavunwa, baridi inauma, na watu hawana kazi kubwa ila kuota moto na kula. Ukoo mzima hukusanyika kwa Shangazi Mwanamkasi, kwa sababu chungu cha boga la nazi ni chake, na desturi yao ni kwamba kilipo chungu ndipo watu wanapokutana. Mwaka huo Shangazi, mjane mwenye ulimi mkali, alisema amechoka kufagia maganda ya watu. Wapike, na boga likimfanya akombe chungu kwa mkono wake mwenyewe, aliyelipika akichukue.

Ndugu wakaanza kutazamana kwa jicho la pembeni. Mhina alikitaka kwa kuwa yeye ni mkubwa na amechoka kwenda kula kwa watu. Machaku alikitaka ili wakwe zake wamheshimu. Mwajabu alikitaka kwa sababu watoto wake wameolewa mbali na nyumba imekuwa kimya, na hilo, niseme kweli, liliniuma.

Wakapika. Mhina aligonga shamba zima, akarudi na boga moja lenye sura mbaya akiwa amelibeba kama mtoto. Mwajabu alikuna nazi, akakamua tui zito, akatia sukari na iliki. Machaku aliwasha kuni zilizokuwa zikichuruzika maji.

Boga likachemka. Mhina akashika mwiko, akasema boga kama lile hata likipikwa kwa maji matupu lingekuwa tamu. Mwajabu akamnyang'anya mwiko, akamuuliza ni nani aliyewahi kusifiwa kwa kupika maji. Machaku naye akauchukua, akasema bila yeye wangekuwa wanatafuna boga bichi. Wakabishana hivyo, mwiko ukizunguka mikononi bila kuingia chunguni, mpaka harufu ya kuungua ikajaa jiko zima.

Sasa kila mmoja akajivua lawama. Kazi ya Mhina iliishia shambani. Mwajabu alikuwa mtu wa tui tu. Machaku aliapa kwamba moto wake haujawahi kuunguza kitu. Wakachota la juu kimyakimya, wakampelekea Shangazi.

Shangazi akaonja, akasema ni zuri, kwa sauti ile anayosifia watoto wa jirani. Akaweka bakuli chini. Kisha akanusa, akaagiza aletewe chungu. Ndugu wakatazama sakafu. Shangazi akachungulia, akachukua kijiko, akakwangua ule ukoko wa sukari na nazi, akatafuna, akakwangua tena. Kijiko kiliposhindwa akaingiza kidole.

"Marehemu mume wangu alikuwa akinipikia hivi hivi," akasema, machozi yakimlengalenga. "Hakujua kupika yule. Kila kipupwe aliliunguza, na kila kipupwe nilimgombeza. Haya, nani ameliunguza hili?"

"Mimi," wakajibu wote watatu.

Mhina akasema boga lisingekuwa na utamu ule, lisingeganda. Tena akadai ni yeye aliyeanza ugomvi. Mwajabu akasema tui jepesi halishiki chini, na ugomvi bila wa kujibu haufiki popote. Machaku akasema tangu dunia iumbwe kinachounguza ni moto, na moto ule ni wake.

Shangazi amekikumbatia chungu, masizi yamejaa kwenye kanga, na hataki kukitoa mpaka apatikane mwenyewe. Mvua za vuli zikianza kabla ya hukumu, amesema atampa jirani yake, ambaye boga hulipika kwa chumvi.

Nami nimegeuza kesi hii huku na huku mpaka nimeshikwa na njaa. Ukisema Mwajabu kwa kumhurumia, jiandae kuwaeleza ndugu zake. Ukisema wote, nenda wewe ukakipasue kile chungu mbele ya Shangazi. Basi wewe unayemeza mate hapo, ungempa nani?