Nani Achukue Mtungi wa Nakijwa?

Sogeeni, wakubwa kwa wadogo. Mwenye maneno mengi ayaweke akiba kwanza. Nitayahitaji mwishoni, wakati mimi nitakuwa nimenyamaza.

Katika kijiji kimoja cha milima ya Upare, kule ambako asubuhi mawingu huingia nyumbani bila kubisha hodi, waliishi watu watatu, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Mbonea alikuwa fundi viatu. Kitu walichokitupa wenzake, yeye alikiona bado kina kazi. Tairi lililokwisha kwake lilikuwa kandambili, na kandambili iliyokatika ilikuwa bawaba ya mlango wa banda la kuku.

Namkunda alilima tangawizi, na kipaji chake kilikuwa subira. Wanawake wenzake walimtania kwamba ni yeye peke yake anayeweza kupika makande bila kufunua chungu kuchungulia kama maharage yameiva.

Kalutu alikuwa mpiga tarumbeta wa kanisani, akaacha meno ya mbele yalipomtoka. Kipaji chake kilikuwa pumzi. Ilisemwa kwamba enzi zake aliweza kushikilia sauti moja mpaka mchungaji akasahau alitaka kuhubiri nini.

Watu hawa watatu walikutanishwa na mkono mmoja, mkono wa kulia wa Nakijwa.

Nakijwa alikuwa mfinyanzi. Alifinyanga vyungu vya mboga, vya uji na vya makande, lakini jina lake lilivuka milima kwa sababu ya mtungi wa maji. Mtungi wake ulikuwa na tumbo pana na shingo nyembamba, na mwili mwepesi kuliko ulivyoonekana. Ufundi wake aliurithi kwa mama yake, na mtungi huo hakuufinyanga mara kwa mara, kwa kuwa ulidai mkono mmoja ndani wenye nguvu ya kusukuma na mwingine nje wenye wepesi wa kupokea. Mkono wa ndani ndio huo wa kulia.

Msimu wa masika, akitoka kuchimba udongo bondeni, Nakijwa aliteleza. Aliangukia mkono, kifundo kikavunjika. Hospitalini walimfunga plasta, na siku ya kuifungua daktari aliushika mkono ule, akaugeuza huku na huku.

"Mfupa umeunga vizuri, mama," alisema. "Ila misuli imelala. Tafuta mpira laini unaoenea kiganjani. Uwe unauminya na kuuachia kila siku, bila pupa. Usipofanya hivyo, mkono utabaki kama ulivyo."

Nakijwa alirudi nyumbani akautazama mkono wake kama mgeni asiyejua alikofikia. Ulikuwa umekonda, ngozi yake imepauka. Hakuweza kukamua kitambaa cha kudekia. Kijiko kilimdondoka mbele ya wajukuu.

Jumapili hiyo majirani walikuja kumpa pole na mikungu ya ndizi. Mwanawe Elifasi, aliyempenda mama yake lakini hakujua kuchagua maneno, alisema mbele ya wote, "Mama, umefinyanga vya kutosha. Vifaa vyako tuwape akina dada wa kule chini. Siku hizi watu wanaweka maji kwenye ndoo."

Nakijwa akasimama.

"Nisikieni nyote," alisema. "Atakayeurudisha mkono huu, kitu cha kwanza kutoka katika mkono huu ni chake. Wala sisemi chungu cha mboga. Nasema mtungi."

Watu wakatazamana. Neno limetoka, na neno la mtu mzima halirudi mdomoni.

Mpira wa daktari haukupatikana madukani. Iliyokuwepo ilikuwa ya watoto, ya plastiki ngumu, inayoteleza mkononi kama sabuni. Ndipo Mbonea alipoingia. Alikuwa mdogo wa marehemu mume wa Nakijwa, na tangu msiba ule alijiona ana deni la kuitazama nyumba ya kaka yake. Kwanza alijaza mchanga kwenye kipande cha tyubu ya lori, akakishona.

"Minya hii, shemeji."

Nakijwa akaminya, akakunja uso.

"Inauma wapi? Kwenye mfupa au kwenye nyama?"

"Kwenye roho," alijibu Nakijwa.

Mbonea hakucheka. Akaurudisha mpira ule kibandani kwake, akaacha viatu vya watu vikingoja. Safari hii alichukua sponji ya godoro kuukuu, akaichonga duara, akaizungushia ukanda mwembamba wa tyubu ya baiskeli. Ukiuminya unakubali, ukiuachia unarudi na kukisukuma kiganja taratibu. Tena aliutengeneza kwa namna ambayo, kadiri mkono unavyopata nguvu, anaongeza ukanda mwingine na mpira unakuwa mgumu kidogo zaidi. Kila mara alimshika shemeji yake vidole, akauliza, akasikiliza, akaenda kurekebisha. Mpira kama ule haukuwepo kokote milimani.

Lakini mpira ulikaa dirishani. Nakijwa aliuminya siku ya kwanza, akauminya ya pili, kisha akaanza kuupita kama anayempita mtu anayemdai. Ndipo Namkunda alipoingia. Alikuwa mke wa Elifasi, aliyeolewa hapo kutoka mlima wa pili, na kwa miaka yote hiyo mama mkwe wake hakuwahi kumwita mwanangu. Alimwita mke wa Elifasi. Namkunda alikuja asubuhi na beseni la maji ya uvuguvugu, akaulowesha mkono, akaukanda, akaketi.

"Minya, mama. Shikilia. Achia."

"Nimechoka."

"Basi tupumzike. Kisha tuminye."

"Wewe huna shamba?"

"Ninalo."

Alikuwa nalo, na magugu yalikuwa yanaimeza tangawizi. Elifasi alinung'unika, Namkunda akamwacha anung'unike. Asubuhi na jioni alikuja, mvua na jua. Alimfundisha mkwewe kuubana mpira kwa kiganja chote, kisha kwa kidole gumba na kila kidole peke yake, hata kile kidogo kilichokataa kusikia. Hakumsifu kwa uongo, wala hakumfokea. Ilifika siku Nakijwa akashika kikombe cha chai mpaka akakimaliza.

Kisha mkono ukagoma. Nakijwa alikuwa hapati usingizi. Alilala akikumbuka utelezi wa lile bonde, akiamka anakumbuka neno la Elifasi, na akiushika mpira aliubana kwa hasira mpaka mkono ukakakamaa hadi begani, vidole vikakataa kukunjuka. Asubuhi moja alipiga kelele, "Niacheni!" akautupa mpira juu ya ua. Namkunda akaokota beseni lake, akatoka akilia kimya kimya.

Mpira uliangukia migombani kwa Kalutu, jirani wa Nakijwa, aliyefiwa na mke miaka mingi iliyopita. Alikuja nao akiufuta kwa shati.

"Hodi hapa. Kuna tunda limeanguka shambani kwangu, na si la mgomba wowote ninaoujua."

Kalutu akakaa kwenye kigoda bila kukaribishwa.

"Mama Elifasi, nimekuwa nikikuona toka ng'ambo ya ua. Hiki kitu unakiminya kama unamnyonga mtu. Ni nani?"

Nakijwa alitaka kusema Elifasi. Alitaka kusema daktari. Mwisho machozi yakamtoka, akasema, "Ni mimi mwenyewe. Kwa nini nilipita njia ile?"

Kalutu alingoja mpaka alipotulia. "Mpiga tarumbeta akikaza mwili mzima, sauti haitoki," alisema. "Shusha mabega. Unapominya, toa pumzi polepole, kama unapoza uji wa mtoto. Unapoachia, vuta, na kuachia uachie kweli. Hasira nayo iachie hapo hapo, usiirudishe ndani."

Wakafanya pamoja. Vidole vikakunjuka kimoja kimoja. Tangu hapo Kalutu alikuja kila Namkunda alipokuja, kwa maana yeye mwenyewe ndiye aliyekwenda kumbembeleza mwanamke yule arudi. Mmoja akisema minya, mwingine alitoa pumzi ndefu isikike. Nakijwa akaanza kulala usingizi. Mpira ukahamia mfukoni mwa sweta lake. Siku Elifasi alipomleta mtu wa kuangalia vile vifaa vya ufinyanzi, Nakijwa aliingiza mkono mfukoni, akaminya, akatoa pumzi, akaachia. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Viache vilipo, mwanangu." Elifasi akaviacha, na mgeni akapewa ndizi, akaenda zake.

Mvua za vuli zilipopita, Nakijwa aliukanda udongo. Mkono wa kulia ukaingia ndani ya tumbo la mtungi, ukasukuma, na wa kushoto ukapokea nje. Mtungi uliposimama, ulikuwa mzuri kuliko yote aliyowahi kufinyanga. Ukakauka kivulini, ukachomwa kwa kuni na majani makavu, ukatoka mwekundu wenye doa jeusi begani mahali moto ulipoubusu. Ukigongwa kwa kidole ulilia kama kengele.

Majirani wakaja uani kuona neno likitimizwa. Nakijwa alisimama kando ya mtungi, akawaita watatu.

Mbonea alisema, "Shemeji, wanangu wengine ni wavulana. Nanzia ni binti yangu wa pekee, na baada ya mavuno anaolewa mbali, tambarare. Ningependa aende na kitu cha kwao. Na nisingeutengeneza ule mpira, hawa wenzangu wangekuminyisha nini?"

"Si angeminya udongo?" alisema mtu mmoja. "Udongo anao."

"Udongo ukiuminya haurudi," Mbonea alijibu. "Mpira unarudi, unakusukuma nawe. Hapo ndipo nguvu inapopatikana."

Namkunda hakutaka kusema, mpaka Nakijwa alipomwambia, "Sema nawe."

"Mpira ulikaa dirishani, mama. Unajua ulikaa. Bila mtu wa kuketi nawe, ungekuwa unakusanya vumbi mpaka leo. Mwaka huu tangawizi sikuvuna ya kutosha." Akatazama chini. "Na katika nyumba hii sijawahi kupewa kitu kilichotoka mkononi mwako."

Elifasi akasugua ukucha wake kama ana la kuondoa pale.

"Mzee Kalutu?"

"Mimi nilileta tunda lililoanguka shambani," alisema Kalutu. Watu wakacheka kidogo. "Lakini tusidanganyane. Mpira ulikuwepo na subira ilikuwepo, na bado siku ile vyote vilikuwa upande wa pili wa ua. Mkono uliojaa hasira ni ngumi tu, haufinyangi." Kisha akaongeza, "Marehemu mke wangu alikuwa na mtungi wa mama yako. Ulipasuka mwaka jana. Sijui kwa nini nimesema hivyo. Maji ya kwenye ndoo nayo ni maji."

Sasa watu wakaanza kugawanyika. Waliokuwa na mikono ya ufundi walisema apewe Mbonea, kwa kuwa wa kwanza ndiye aliyefungua mlango. Kina mama wengi walisema apewe Namkunda, kwa kuwa yeye ndiye aliyepoteza zaidi. Wazee walisema apewe Kalutu, kwa kuwa kazi iliyokuwa imekufa ni yeye aliyeifufua. Kila hoja ilipotolewa, Nakijwa aliitikia kwa kichwa, akaona ni kweli. Na iliyofuata aliitikia vilevile.

Wakati huo mama mmoja mtu mzima aliyekuwa ameegemea ukuta, mke wa Mbonea mwenyewe, alisema taratibu, "Na aliyeminya je? Mpira haukujiminya, pumzi haikuwa ya mtu mwingine. Maumivu yalikuwa ya nani?"

Nakijwa akageuka akautazama mtungi. Jambo moja lilimjia ambalo hakuwahi kulifikiria katika umri wake wote. Ndani ya nyumba yake hamkuwa na mtungi. Alipikia sufuria lililolegea mkono, na maji yake ya kunywa aliyaweka kwenye dumu la mafuta. Vyote alivyofinyanga vilitoka mlangoni vikiwa bado na harufu ya moto.

"Mfinyanzi hulia gaeni," alisema, nusu kwa watu, nusu kwa nafsi yake. Akaweka mkono wa kulia juu ya bega la mtungi, ukatulia pale, imara, bila kutetemeka. "Nilisema ni wa atakayeurudisha mkono huu. Nipeni mpaka kesho nijue ni nani."

Wakatawanyika. Namkunda akabaki kufagia ua. Mbonea akarudi kwenye viatu vyake. Kalutu akapita kwenye ua kwenda migombani, na hakuna aliyemkasirikia mwenzake, ila kila mmoja, alipofika mbali, aligeuka kuutazama ule mtungi.

Mimi nimefika mwisho wa ninachokijua, na sasa nanyamaza kama nilivyoahidi. Mpira ulitoka kwa mmoja, subira kwa wa pili, pumzi kwa wa tatu, na mkono ulikuwa wa mwenyewe. Mtungi ni mmoja, na haukatwi vipande. Haya, toeni yale maneno mliyoyaweka akiba. Kama wewe ndiye ungesimama pale uani kesho asubuhi, na Nakijwa akuulize, je, ungeamuaje?