Msemaji wa Uwamwezi

Ukungu ulikuwa bado umevilalia vilima vya Masisi na njia ya kutoka Bihambwe ilikuwa tope tupu. Pikipiki ilimfikisha Uwamwezi mbele ya hospitali akiwa amerowa hadi magotini, lakini uso wake ulikuwa wa mtu aliyekwisha kata shauri. Mwanamke huyu alikuwa kiziwi tangu utotoni, alipougua homa ya uti wa mgongo. Alisoma shule ya viziwi huko Goma, akajua kuandika na kuzungumza kwa lugha ya alama, kisha akarudi nyumbani na kuolewa na Habineza, mfugaji na mtengeneza jibini. Mimba yao ya kwanza iliishia kwenye upasuaji katika hospitali hiyohiyo, na mtoto akatolewa amekufa. Tangu hapo hakushika mimba nyingine. Mama mkwe naye alikuwa ameanza kumtafutia mwanawe mke wa pili, waziwazi, bila haya. Uwamwezi alitaka kujua jambo moja tu: kwa nini hazai?

Hospitali ile ilikuwa na desturi yake. Kiziwi hakupokewa peke yake. Sharti aje na msemaji, yaani ndugu wa kumsemea. Daktari alimuuliza ndugu, ndugu akajibu, ndugu akakubali, na mgonjwa mwenyewe akakaa pale kama gunia la maharagwe lililosindikizwa sokoni. Aliyemsemea Uwamwezi siku zote alikuwa dada yake mkubwa, Verdiane. Wawili hao walikuwa chanda na pete. Kila vita vilipowafikia, Verdiane ndiye aliyemshika mkono mdogo wake asiyesikia risasi, wakakimbia pamoja. Lakini kila Uwamwezi alipomuuliza madaktari wamesema nini, jibu lilikuwa lilelile: ngoja, Mungu atatoa.

Alichoka kungoja. Aliamini kwamba wauguzi walikuwa wakimdharau na kumficha dada yake ukweli. Kwa hiyo safari hii alimleta Blandine, mkalimani wa chama cha viziwi kutoka Goma, bila kumwambia Verdiane neno.

"Dada yake iko wapi?" Mama Kavuo, muuguzi wa mapokezi, alimuuliza Blandine bila hata kumtupia Uwamwezi jicho. "Ule dada njo tunajua. Bila yeye hatumupokee."

"Mama, mugonjwa njo huyu. Mumuulize yeye."

"Nitamuuliza namna gani na hasikie?"

Uwamwezi alihamaki. Alisimama katikati ya mlango wa chumba cha daktari, asipite mtu, mikono yake ikaanza kusema kwa kasi. Blandine akaitolea sauti, kubwa ya kusikika hadi uani. "Anasema sheria ya inchi inamupa haki ya kutunzwa sawa na bantu bote, na ya kujua kitu banafanya ku mwili yake! Ao mumupokee leo, ao tunaenda tribunal!"

Wagonjwa wakageuza shingo. Daktari Sebarenzi, aliyekuwa mgeni katika hospitali ile, akatoka kuona kelele ni za nini, akawaingiza wote watatu. Alimpima Uwamwezi, akaliona kovu la upasuaji, akamwuliza Mama Kavuo kilifanyika nini siku ile.

"Dokta, huyu hawezi beba mimba tena," alijibu muuguzi kwa urahisi, kana kwamba anasema mvua imekatika. "Ile siku tulimufungaka kizazi. Familia njo iliomba."

Mikono ya Blandine iliganda hewani. Uwamwezi alimgusa bega, akamgusa tena. Blandine hakuwa na pa kukimbilia; akamweleza.

Uwamwezi akauliza: familia gani? Siku ile Habineza alikuwa mbali, amewakimbizia ng'ombe upande wa Walikale kuwaepusha na vita.

"Dada yake," alisema Mama Kavuo, sauti imeshuka. "Alisema balipatana nyumbani, na mwenyewe anataka. Sisi tulizoea kuuliza dada."

Kwa nini hamkuniuliza mimi, aliuliza Uwamwezi.

"Tungekuuliza na nini?"

Uwamwezi aliichomoa kalamu katika mfuko wa koti la muuguzi, akaandika kwenye kiganja chake mwenyewe: NINAJUA KUSOMA. Akakiinua kiganja mbele ya uso wa Mama Kavuo.

Jioni Uwamwezi alimkuta Verdiane akipukuchua maharagwe. Aliomba moyoni dada akane, aape, hata adanganye. Verdiane hakukana. Alisema huku akiashiria kwa mikono, kama walivyozoea tangu utoto.

"Risasi zikilia, ni mimi nilikuwa nakushika. Ungezaa batoto, nani angebashika? Niko na mikono mbili tu, Uwamwezi! Nilikuhurumia."

Huruma! Uwamwezi alimtazama asiamini kwamba huruma inaweza kumfunga mtu kizazi na kurudi kumpikia uji.

Habineza alipoambiwa, alilia kama mtoto, kisha akamwambia mama yake kwamba hataoa mke mwingine. Habineza ndiye aliyemsindikiza mkewe mahakamani. Hospitali ililazimishwa kuifuta desturi yake. Leo kiziwi huulizwa mwenyewe, na mkalimani huitwa. Haki hiyo ilipatikana, na wengine watanufaika nayo. Mtoto hakupatikana.

Siku ya kesi, hakimu alipomuuliza kupitia Blandine anamshtaki nani, Uwamwezi aliwanyooshea kidole watu wa hospitali. Kisha, machozi yakimtiririka, akamnyooshea kidole dada yake wa tumbo moja. Miaka yote alikuwa akimsaka adui mlangoni mwa wageni. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako.