Kwa Nini Mto Luzimba Hupita Katikati ya Soko la Tandawira

Hapo kale, mito ilipokuwa bado haijachagua pa kulala, mji wa Tandawira haukuwa na mahali pake. Mara uko bondeni, mara uko uwandani, mara umehamia nyuma ya vilima. Si kwamba watu wake walipenda kuhamahama. Walikuwa wafanyabiashara, watu wa kupenda ukuta wa mawe na ghala lenye paa zuri. Kilichowahamisha ni mto Luzimba.

Popote walipojenga, soko lilichangamka upesi. Majitu ya kaskazini yalishuka na chuma mabegani. Watu wafupi wa migodini walileta mawe yanayotoa joto bila moto, na wanawake wa kinamasi walikuja na ukungu uliozibwa ndani ya vibuyu, wa kupoza nyumba wakati wa kiangazi. Makelele yao yalifika mbali. Na soko likishanoga hivyo, ndipo Luzimba ulipoacha njia yake na kuja. Kwanza ulisikika mngurumo ng'ambo ya mashamba, kisha matope yakaingia barabarani. Watu walinyamaza, wakafunga mizigo na kukimbia, na nyuma yao nyumba zikaanguka.

Wazee walisema mto una kinyongo na Tandawira. Waliutupia mbuzi, wakautupia hariri na asali, wakauomba radhi kwa makosa wasiyoyajua. Haikusaidia kitu.

Basi katika mji huo aliishi mwanamke aitwaye Sekwao, muuza samli. Mumewe, Mbelwa, alikuwa mtu wa misafara, na wakati wa habari hizi alikuwa safarini milimani. Nyumbani alibaki Sekwao na mama mkwe wake, Bi Nyamizi, ambaye alikuwa ameanguka na kuvunjika nyonga, hata kugeuzwa kitandani kulimtoa machozi. Enzi zake, Bi Nyamizi alikuwa gumzo la soko zima kwa kuvutana bei. Majitu yalipomwona anakuja yalijifanya yamelala.

Asubuhi moja ngoma ya hatari ikalia. Barabara ikajaa mikokoteni na watoto waliobebwa migongoni. Jumbe Lugoe, mkuu wa mji, akasimama mlangoni kwa Sekwao akihema.

"Toka, binti yangu. Mto umeshafika kwenye mashamba ya mtama."

"Na mama je?"

Jumbe akaingia wamwinue pamoja. Bi Nyamizi akapiga yowe moja, akazimia mikononi mwao. Wakamrudisha kitandani. Jumbe akatazama nje, akamtazama Sekwao. Alikuwa na wajukuu barabarani. Akaenda zake akijifuta macho.

Bi Nyamizi alipozinduka alimkuta mkwewe ameketi chini, ameegemea kitanda.

"Nenda, mwanangu. Mimi nimeshakula chumvi nyingi."

"Siendi popote, mama."

"Mbelwa atanilaumu."

"Atulaumu sote wawili."

Mji ukawa kimya. Sekwao alikuwa hajawahi kusikia Tandawira imenyamaza kiasi kile, na moyo ulimwenda mbio kuliko alipousikia mngurumo. Kisha maji yakaja. Yalipita kizingiti taratibu, ya rangi ya udongo, yakatambaa sakafuni mpaka yakagusa miguu ya kitanda. Sekwao akapanda juu, akamkumbatia mama mkwe wake, akafumba macho.

Bi Nyamizi alimhisi anavyotetemeka. Hakuwa na la kumfariji, basi akasema lililomjia kinywani.

"Ule mtungi wa samli uliompa mtu wa migodini juzi, alikupa nini?"

"Mama, sasa hivi kweli?"

"Nimekuuliza."

"Kikapu cha mawe ya joto."

"Kikapu kizima au nusu?"

"Nusu."

"Nusu! Mtungi mzima kwa nusu kikapu! Umeniaibisha mpaka kaburini!"

"Mawe yenyewe yalikuwa ya moto sana, mama! Na samli ilikuwa imeanza kuchacha!"

"Ungesema hivyo mbele ya mteja, angekupa jivu!"

Wakabishana hivyo, na hasira ikamsahaulisha Sekwao hofu kwa muda. Alipofumbua macho aliona maji hayajapanda. Yalikuwa yametulia tuli chini ya kitanda, bila hata wimbi. Kwa mshangao akanyamaza, na Bi Nyamizi naye akanyamaza. Maji yakaanza kupanda tena, yakipapasa huku na huku kama mtu anayetafuta kitu gizani.

"Mama," Sekwao akanong'ona, "hebu niulize tena bei ya samli."

Bi Nyamizi akauliza. Maji yakatulia.

Hapo ndipo walipoanza kuuziana nyumba nzima. Sekwao aliuza mkeka, Bi Nyamizi akaukuta na tundu. Bi Nyamizi aliuza kibuyu cha ukungu, Sekwao akasema ukungu wenyewe umepoa nguvu. Waliuziana vyungu na mito ya kulalia, wakauziana hata kuku kilema aliyekuwa amejibanza juu ya kabati. Sauti ya Sekwao ilikauka ikawa kama ya chura, lakini hakuthubutu kunyamaza.

Waliokimbilia kilimani walikuwa wakingoja kuona mapaa yakizama. Mchana ukapita, mapaa yako palepale. Mwishowe Jumbe Lugoe, ambaye hakuwa ametulia tangu alipowaacha, aliteremka akivuka maji ya magotini, akachungulia dirishani.

"Mko hai?"

"Jumbe," Sekwao akasema, "unanunua au umekuja kutazama?"

Jumbe akadhani ameshikwa na wazimu. "Binti yangu..."

"Nunua, Jumbe! Tukinyamaza tumekwisha!"

"Huyo kuku," Jumbe akasema, "anatembea?"

"Anatembea kuliko wewe!" akajibu Bi Nyamizi. "Toa bei!"

Jumbe akatoa bei, ikakataliwa kwa matusi, akatoa nyingine. Na mbele ya macho yao maji yakarudi nyuma, yakatoka kwenye kizingiti na kutandaa nje barabarani kana kwamba yanawapisha wateja waingie. Sekwao akashuka kitandani, miguu ikagusa sakafu yenye matope, akaangua kilio na kicheko kwa pamoja.

"Mto haukuwa na kinyongo," alimwambia Jumbe alipopata pumzi. "Ulikuwa unatufuata utusikie. Kila ukikaribia tunanyamaza na kukimbia, nao unazidi kutusaka."

Jumbe akawaita watu wote warudi, waje wakipiga kelele za soko. Nusu yao wakapanga bidhaa na kubishana, nusu wakachimba njia katikati ya soko. Luzimba ukaingia humo kwa upole, ukaizunguka nyumba ya Bi Nyamizi kama mkono uliokunjwa, ukalala.

Mbelwa aliporudi na msafara wake, alikuwa ameshajiandaa kukuta magofu, kama walivyokuta baba yake na babu yake. Kutoka juu ya kilima akaona moshi wa majiko ukipanda palepale alipouacha, na katikati ya mji mto unang'aa. Aliketi njiani mpaka wenzake wakamwinua.

Na tangu siku hiyo Luzimba haujatoka kitandani mwake, wala Tandawira haijahama. Ndiyo maana mto ule una kona katikati ya mji mahali pasipo na jiwe wala kilima cha kuuzuia. Ndiyo maana wauzaji hukaa ukingo mmoja na wanunuzi ukingo wa pili, bei ikipita juu ya maji. Na mgeni akikubali bei ya kwanza bila neno, muuzaji hampi bidhaa. Humshika mkono na kumwambia taratibu, "Ndugu yangu, bishana kidogo. Mto unasikiliza."