Mifuko Miwili ya Fundi Kaoneka

Mtu mmoja alikuwa na binti ng'ambo ya mto. Aliitwa Singano, mwenyekiti wa kijiji kimoja cha milimani, na binti yake Zaina alikuwa na mimba ya miezi minane. Zahanati iko upande wa huku. Masika yakianza, mto ule haupitiki. Basi kijiji kikakubaliana kujenga kivuko cha zege kwa msaragambo, kila nyumba itoe mchango wake na mikono yake.

Fundi Kaoneka alipima urefu, upana na unene, akaandika mchanga, kokoto, na saruji mifuko ishirini. Chini yake akaongeza mifuko miwili. Singano naye akapiga hesabu yake, akapata ishirini kamili. Akajisemea, huyu anataka kujengea choo chake. Mkutanoni akaifuta ile miwili mbele ya watu wote, nao wakampigia makofi. Sisi tunampenda sana kiongozi anayekamata mwizi, hata kama mwizi mwenyewe hayupo.

Siku ya kazi saruji ilipandishwa mlimani kwa kichwa. Mfuko mmoja ukapasuka njiani. Makarai ya zege yakapita mkono kwa mkono, na kila mkono ukamwaga kidogo. Hakuna aliyefanya kusudi, walikuwa wamechoka tu. Saa kumi jioni zege likaisha, ikiwa imebaki hatua moja na nusu kufika ukingo wa pili, na zege lisilofika ukingoni halibebi mtu. Duka la saruji liko mjini, mwendo wa siku nzima. Singano alisimama akiitazama nyumba ya binti yake.

Kaoneka alinawa mikono, akamwambia bila hasira, "Mwenyekiti, ile miwili haikuwa yangu. Ilikuwa ya kumwagika."

Siku ya tatu, kabla saruji nyingine haijafika, mvua ikanyesha milimani, mto ukajaa. Zaina alijifungua hukohuko ng'ambo, bila mkunga, na baba yake alipata habari kwa kupigiwa kelele kutoka ukingo wa pili. Mungu alirehemu, mama na mtoto wakapona.

Ndugu zangu, ninyi mnaooa, mnaolea na mnaoongoza: hesabu zenu mmezipigia watu wanaochoka, au malaika?